Kibali Ninacho

Sisi watu wa Tanga tuna sifa ya kupenda ngoma, na sifa hiyo hatuikatai. Babu zetu wa pwani hii walicheza beni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakagawanyika Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi na tarumbeta hata ndugu wa baba mmoja wakanuniana. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya arobaini tulikulia kwenye taarabu ya Black Star na Lucky Star na kwenye dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Sauti ya Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, ndiyo sauti ya ujana wetu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba haya ni manung'uniko ya mzee asiyeupenda muziki. Nimecheza sana. Magoti haya yanayoogopa ngazi yaliwahi kuusugua ukumbi mpaka alfajiri, na Jumatatu yake mwalimu alisimama mbele ya darasa kama kwamba alikuwa amelala.

Ninataka kusema habari ya kelele, kibali na jirani, kwa kuwa mambo hayo yamenikuta mara mbili: mara ya kwanza nikiwa mwenye kelele, mara ya pili nikiwa jirani.

Nilizaliwa Ngamiani, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Kati ya nyumba yetu na ya jirani palikuwa na uchochoro ambao mbuzi wawili wasingeweza kupishana. Mtu akikohoa kwao, mama yangu alisema "afya" huku kwetu. Katika makazi ya namna hiyo arusi ya mtu mmoja ni arusi ya mtaa mzima, upende usipende, na wazee walilijua hilo. Siku kadhaa kabla ya ngoma, mtu wa makamo kutoka nyumba ya arusi alipita mlango kwa mlango akipiga hodi. Alikuwa akialika, lakini pia alikuwa akichunguza. Aliuliza hali za watu. Aliuliza nani mgonjwa, nani kajifungua, nani yuko edani. Hata enzi za Mwingereza ngoma ya mjini ilitakiwa iombewe ruhusa serikalini, na ruhusa iliombwa. Lakini sijapata kusikia mtu wa mtaa wetu akidhani kwamba ile ruhusa ya serikali ilimwondolea wajibu wa kupiga hodi.

Nakumbuka arusi moja nikiwa na umri wa miaka kumi hivi. Vyakula vilikuwa tayari, wapigaji wameshafika, na alasiri ile akafariki bibi mmoja wa nyumba ya tatu. Hakuna aliyetoa amri. Nilimwona mwenye arusi akitoka kwake, akaenda kukaa kwenye jamvi la msiba, akakaa muda mrefu, kisha akarudi na kuwaambia wapigaji wazifunike ngoma zao. Bibi arusi aliingizwa ndani usiku ule kimya kimya, bila hoihoi wala kigelegele, na pilau ya arusi ikaliwa matangani. Ngoma ililia siku nyingi baadaye. Sisi watoto tuliudhika kweli kweli. Mama yangu, nilipomlalamikia, alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amezaa mwana asiye na masikio.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Wahenga hawakuijua spika. Ngoma ya ngozi ina adabu moja, kwamba mpigaji wake huchoka, na ngozi yenyewe hulegea kwa umande ikadai kupashwa moto. Hapo mtaa hupata nafasi ya kupumua. Spika haichoki wala hailegei. Nayo haiji kwa njia ya sikio tu. Ile besi yake hupita kwenye ukuta, kwenye kitanda, kwenye maji ya kwenye glasi, ikamfikia mtu kifuani hata akiziba masikio kwa mito miwili.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 1993 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mjini hapa, na watoto wengi wa shule ile walikuwa wakikaa chini. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Ualimu Korogwe miaka ishirini nyuma nikiwa na imani kwamba mtoto hawezi kufundishwa mwandiko mzuri juu ya goti lake, na imani hiyo sikuiacha. Kamati ya shule ilikaa. Fedha hapakuwa. Mjumbe mmoja akatoa wazo kwamba tukodishe kiwanja cha shule kwa bendi ya dansi, Jumamosi moja, na mapato ya mlangoni tugawane. Nilizunguka ofisi kwa ofisi nikapata karatasi yenye mihuri miwili. Niliikunja mara nne, nikaitia mfuko wa shati, na usiku ule nikajiona mtu mwenye serikali kifuani.

Saa nne za usiku alikuja mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye nyumba yake ilipakana na uzio wetu wa michongoma. Alivaa kanzu na kushika tochi. Alinisalimu kwa heshima, ingawa alinizidi umri, kwa sababu wakati ule watu walimsalimu mwalimu namna hiyo. Akasema, "Mwalimu, mgonjwa wangu hajapata usingizi tangu juzi. Sisemi mzime. Nawaombeni mpunguze tu."

Nilikuwa na la kujibu. Ningeweza kwenda kwa mpiga gitaa, hatua thelathini, nikamnong'oneza. Badala yake nilitia mkono mfukoni nikaitoa ile karatasi na kuikunjua mbele yake. "Mzee wangu," nikamwambia, "kibali ninacho."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaimulika kwa tochi. Hakuwa na miwani, na nadhani hakuona kitu zaidi ya mihuri. Akanirudishia, pia kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwalimu," akaondoka akikanyaga taratibu kwenye mchanga wa kiwanja changu. Muziki uliendelea hadi saa nane. Tulipata madawati ishirini na sita.

Mgonjwa alikuwa mkewe. Alifariki baada ya wiki tano au sita. Sisemi kwamba dansi letu lilimwua. Alikuwa mgonjwa wa muda mrefu na daktari wa Bombo alikuwa amekwisha kusema yake. Nilikwenda maziko pamoja na walimu wenzangu. Mzee alinipokea, akanionyesha pa kukaa, akaagiza nipewe maji. Hakunigusia lile jambo siku ile, wala siku nyingine yoyote hadi alipofariki naye, na tulikutana msikitini kila Ijumaa kwa miaka sita. Mimi nami sikulisema. Mara nyingi nilijiandaa kulisema, nikajikuta ninamwuliza habari za pensheni yake.

Karatasi yenyewe ninayo hata leo, imo kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyangu. Nilipostaafu niliikunjua nikaisoma, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoisoma yote. Muda wa mwisho ulioandikwa ni saa sita za usiku. Na chini kabisa, kwa mashine ya chapa iliyokuwa imeishiwa wino, pameandikwa kwamba mwombaji awaarifu majirani mapema. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini na minane nilikuwa sijaisoma.

Sidharau kibali. Kuna wanaosema vibali ni njia ya ofisi kujipatia ada, nami siwezi kuapa kwamba ada haimo. Lakini Oktoba 1, 2008, sikukuu ya Idd el Fitr, watoto wapatao ishirini walikufa kwa kukosa hewa katika ukumbi wa disko toto mjini Tabora, na tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Huko Tabora sherehe ilikuwapo na furaha ilikuwapo; kilichokosekana ni mtu mzima wa kusimama mlangoni akasema ukumbi umejaa. Kazi hiyo lazima mtu apewe, tena kwa maandishi.

Tatizo langu ni jingine. Fikiria mtu anayetaka kuleta onyesho kubwa la muziki katika uwanja kama wetu wa Mkwakwani, ambako matamasha ya Fiesta yamewahi kukusanya vijana wa mkoa mzima. Uwanja ni mali ya Chama cha Mapinduzi, basi ataanza na mwenye uwanja. Afisa utamaduni wa halmashauri ana kauli yake. Polisi wana yao kuhusu usalama. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lina usajili na vibali vyake. Vinywaji vikiuzwa, kuna leseni ya vileo, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1968. Kelele zenyewe ziko chini ya NEMC, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazopima sauti kwa desibeli na kutofautisha mchana na usiku, makazi na viwanda. Milango yote hiyo anaigonga mwandaaji, na kila mlango una dawati na mhuri. Mlango wa jirani peke yake ndio hauna mhuri, kwa hiyo haugongwi.

Tena utaona serikali ina sikio kali sana kwa maneno ya wimbo. Mwaka 2018 Baraza la Sanaa liliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na walipouimba hadharani Desemba ile likawafungia wasanii wenyewe na kufuta kibali cha tamasha lao la Wasafi. Adhabu ikaondolewa Januari iliyofuata. Sina ugomvi na hilo, mimi ni mwalimu wa zamani na matusi siyapendi. Ila nimejiuliza mara nyingi kwa nini neno moja la aibu linaweza kusimamisha tamasha la nchi nzima, na usiku mzima wa mgonjwa hauwezi.

Au niseme haukuwa ukiweza, kwani mambo yamebadilika, na yamebadilika kwa vishindo. Novemba ya mwaka ule ule wa 2018, tamasha la Fiesta lililokuwa lifanyike viwanja vya Leaders, Kinondoni, lilizuiwa na manispaa ukingoni kabisa mwa siku yenyewe, na sababu iliyotolewa ilikuwa usumbufu wa kelele kwa watu wa jirani, wagonjwa wakiwamo. Mei 2023 NEMC ilizifungia baa na kumbi 89 kwa mpigo kwa sababu ya kelele. Majirani walishangilia, na nikiwa jirani mwenzao nilifurahi kidogo. Lakini nikamfikiria pia yule aliyekwisha kulipa mafundi wa jukwaa, na mpiga ngoma aliyeahidiwa ujira, na mama lishe aliyenunua kuku wa mkopo. Uwanja wa Leaders haukusogea usiku kwenda kukaa karibu na watu. Ulikuwapo, na watu walikuwapo. Yaliyosemwa siku ya mwisho yangeweza kusemwa miezi mitatu nyuma, jukwaa likiwa bado mbao.

Wala tusidhani ni sisi tu. Mjukuu wangu aliwahi kunisomea habari ya mwaka 2014 kutoka Dublin, Ireland. Mwimbaji wa Marekani aitwaye Garth Brooks alipangiwa maonyesho matano mfululizo mwezi wa Julai katika uwanja wa Croke Park, uliozungukwa na nyumba za watu. Tiketi zipatazo 400,000 ziliuzwa, na leseni ilikuwa bado haijatoka. Watu wa jirani wakasema kwamba wamekwisha kuvumilia maonyesho matatu ya kundi jingine mwaka ule ule, na sasa imetosha. Halmashauri ya jiji ikatoa ruhusa ya siku tatu. Mwimbaji akasema ama zote tano ama hakuna. Ikawa hakuna. Alirudi mwaka 2022 akaimba usiku tano. Mjukuu wangu alicheka sana, hasa kwa kusikia kwamba hata Wazungu huuza tiketi kabla ya kibali. Mimi nilichokiona ni kwamba katika mabishano yale yote kila upande ulikuwa na karatasi yake mkononi, kama mimi mwaka 1993.

Mara yangu ya pili ilianza mwaka 2017. Mke wangu alipatwa na kiharusi. Alipotoka hospitali tulimlaza chumba cha mbele, chenye upepo wa bahari, na dirisha lake linatazama kule kulikokuwa na ghala la zamani la mkonge. Ghala lile likageuzwa ukumbi. Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa kila sikukuu besi ilianza saa tatu usiku. Mke wangu alikuwa amepoteza usemi kwa kiasi kikubwa, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na kila besi ilipopiga vidole vile viliikunja shuka. Nilikaa nikivitazama vidole vile hadi saa tisa, usiku baada ya usiku.

Nilikwenda ofisi moja, nikaambiwa suala hilo ni la ofisi ya pili. Ofisi ya pili ikataka barua ipitie serikali ya mtaa. Ofisi ya tatu ilinipokea vizuri sana, kijana akanipa kiti na kunieleza kwamba kipimo cha sauti kiko safarini. Sikukasirika nao. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu dawati lake. Nilipochoka nilivaa kanzu, nikachukua tochi, nikaenda ukumbini mwenyewe. Nilipofika getini ndipo nilipojiona nilivyovaa.

Mwenye ukumbi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Sikumfundisha yeye, nilimfundisha mama yake. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akanivutia kiti mbali na spika. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, bila kiburi hata kidogo, "Lakini mwalimu, kibali tunacho."

Nilicheka. Nilicheka mpaka akaogopa, akadhani mzee amepatwa na jambo. Ilibidi nimweleze habari ya yule mzee wa reli, na hakuna mtu mwingine niliyekuwa nimemweleza kabla yake, hata mke wangu. Tulikaa pale getini labda saa nzima. Naye akanieleza yake: mkopo wa benki, vijana kumi na wanne anaowalipa, wauza mihogo na mayai ya kuchemsha wanaoishi kwa zile siku mbili za wiki, na mji huu ambao viwanda vyake vingi vilifungwa kabla yeye hajaota ndevu. "Nikizima saa sita," akasema, "nimefunga." Nilikuwa sijapata kulifikiria hilo. Nilidhani yeye ana ukumbi na mimi nina mgonjwa, basi.

Hatukuandikiana mkataba. Aliigeuza mitungi ile mikubwa ya besi ikatazama reli, akatundika magunia ukutani upande wetu, na baada ya saa sita aliondoa besi akaacha sauti za juu. Halikuwa suluhisho kamili. Usiku mwingine, hasa wakija wapiga muziki wa kutoka Dar es Salaam na mafundi wao, mambo yalikuwa yale yale. Ila kila Alhamisi jioni alikuja, akapiga hodi, akakaa kitako dakika kumi, akanieleza nani anapiga wiki ile na hadi saa ngapi, akamsalimu mgonjwa. Alhamisi moja alisema Jumamosi itakuwa taarabu ya zamani tu, nyimbo za akina Bi Shakila. Jumamosi ile mke wangu aliuinua mkono wake mzima akaonyesha dirisha. Nilidhani anataka lifungwe. Nilipolishika akatikisa kichwa, na ikanichukua muda kuelewa kwamba alitaka nilifungue zaidi.

Alifariki mwezi wa Machi mwaka 2021, siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Usiku ule niliketi nje na wanaume chini ya turubai nikisubiri besi ianze, maana tangazo la onyesho lilikuwa limebandikwa mji mzima na tiketi zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Haikuanza. Taa za ukumbi hazikuwashwa Ijumaa wala Jumamosi, na sikumwomba mtu. Asubuhi walikuja vijana wake wawili na kilo kumi za sukari.

Alhamisi iliyofuata alipiga hodi kama kawaida. Tulikaa. Akaniuliza kama aendelee wiki ile au angoje ipite arobaini. Nikamwambia aendelee, wale wauza mihogo wana watoto.